Kilele Kilichovuka Mstari

Saa mbili kasoro asubuhi, na mwanamke anayeitwa Mama Grafu ameshagombana na kompyuta mara mbili. Amesimama mbele yake mikono kiunoni, kama mzazi anayemsubiri mtoto amalize kufunga viatu. Skrini imeganda, kishale hakisogei. Nyuma yake mashine ya kupima mafuta kwenye maji inavuma taratibu, haina habari naye.

"Huyu ndiye Babu," anasema, akiionyesha kompyuta kwa kidevu. "Ukimharakisha anazimika. Ukimwacha anakuchelewesha. Kwa hiyo unasimama tu, unampa heshima yake."

Ndani ya Babu kuna grafu moja ambayo Mama Grafu anaihitaji kabla ya keshokutwa. Ni mstari mwembamba unaotambaa chini kabisa ya skrini, kisha unainuka, unafanya kilima kidogo na kurudi chini. Kilima hicho watu wa maabara wanakiita kilele. Urefu wake unaonyesha ni kiasi gani cha mafuta ya petroli bado kimo ndani ya maji ya kisima kimoja, upande wa chini wa mji. Keshokutwa wakazi wa mtaa huo watakutana ukumbini kuamua kama pampu yao ifunguliwe au iendelee kufungwa kwa mnyororo.

Walishakutana mara moja, wiki chache zilizopita, na mkutano ukavunjika. Kilichouvunja ni mchoro alioutengeneza Mama Grafu kwa mikono yake. Ukumbini siku ile alikuwemo dada yake mkubwa, wa tumbo moja, na tangu siku ile dada huyo hajampigia simu.

Kwenye karatasi za ofisi cheo chake ni karani wa taarifa. Kazi yake ni kuitoa michoro kwenye kompyuta ya mashine na kuiingiza kwenye ripoti za mkuu wa maabara, au kwenye slaidi ambazo mhandisi wa maji huenda nazo mikutanoni. Ukimuuliza inachukua muda gani, anacheka kwanza.

"Watu wanasema, aa, si kunakili na kubandika tu? Ndiyo, ni kunakili na kubandika," anasema. "Hata kupika ni kuchemsha na kukoroga. Lakini mbona kuna watu hatuli kwao?"

Hakuanza na grafu. Aliajiriwa kuchapa barua, na barua alizijua. Siku ya kwanza alipoombwa aweke mchoro kwenye ripoti, alifanya alivyoweza: akachukua simu yake akaipiga picha skrini ya Babu. Ripoti ikatoka. Katikati ya grafu, juu kidogo ya kilele, palikuwa na taa ya dari na uso wa mwanamke aliyekunja ndita, amefumba jicho moja ili asikosee. Mkemia wa maabara aliyeiona kwanza alicheka mpaka akatoka nje kupunga hewa. Jina la Mama Grafu lilizaliwa asubuhi ile, na mwenye jina hakuwahi kulikataa.

Alijifunza mdogo mdogo. Babu haruhusiwi kuunganishwa na mtandao, maana aliwahi kuingiwa na virusi na vipimo vingi vikapotea. Kila kitu kinachotoka kwake kinapitia flashi moja tu, na flashi hiyo imefungwa kwa kamba kwenye mwiko wa kupikia. Mwiko ni wazo la Mama Grafu mwenyewe. Zamani flashi ilikuwa ikiondoka na mifuko ya watu, na tangu iolewe na mwiko, hakuna aliyethubutu kuibeba kwenda nayo nyumbani.

Halafu kuna namna ya kuitoa grafu yenyewe. Unaweza kuitoa kama picha, sawa na picha ya simu, lakini picha hiyo ukiikuza ukutani herufi zinavimba, namba zinakuwa ukungu. Au unaweza kuitoa kama mchoro. Hapo unachobeba ni maelekezo ya kuchora, na kila kompyuta inayofungua slaidi inaichora grafu upya kwa mkono wake. Hata uikuze kiasi gani, inabaki safi. Mama Grafu anapenda usafi, kwa hiyo siku zote alichagua mchoro. Anasema siku hizi hataki hata kulisikia neno hilo.

Habari ya kisima chenyewe haina siri. Tangi la petroli lililofukiwa chini ya gereji moja lilitoboka, na kabla mwenye gereji hajajua, akina mama wa pampuni walikuwa wameshasikia harufu. Pampu ikafungwa. Tangi likafukuliwa, udongo ukazolewa, kisima kikavutwa maji na kuchujwa, kikavutwa tena. Kila baada ya muda chupa ya maji yake ililetwa maabara, ikapita kwenye mashine, na aliyekiona kilele mapema kuliko wengi ni Mama Grafu, kwa sababu ndiye anayekitoa kwa Babu.

Dada yake ni mfuaji wa nguo za watu. Pampu iko hatua chache kutoka uani kwake, na kwa miaka yote kazi yake imesimama juu ya pampu hiyo. Ilipofungwa akaanza kununua maji ya mkokoteni, madumu sita kwa siku, na bado hayakutosha kusuuza. Alikuwa akizifulia familia kumi na moja. Zimebaki nne, na mojawapo ni ya mama mmoja anayemhurumia tu.

Kwa hiyo alipiga simu. Kila alipojua chupa imepelekwa maabara, alipiga. Mama Grafu haruhusiwi kutoa majibu kabla mkuu wa maabara hajatia saini, na alijitahidi kulikwepa swali. Wakaulizana watoto, wakaulizana mgongo, wakarudi palepale. Siku moja akachoka kukwepa, akasema, "Yanakuja vizuri, dada." Maneno matatu. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa nayo, na mfuaji aliwaambia wateja wake watayarishe mashuka.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwake alipokaa kuandaa slaidi za mkutano wa kwanza. Alizitoa grafu mbili, ya kabla ya kusafisha na ya baada, akazipanga ubavu kwa ubavu. Zilikuwa mapacha. Kilele kwa kilele, urefu mmoja, kana kwamba hakuna kilichosafishwa.

Ni tabia ya programu ya Babu. Kila grafu anayokuonyesha huivuta mpaka ijae dirisha, iwe kubwa au ndogo. Kichuguu na mlima kwake ni mamoja, tofauti inabaki kwenye namba ndogo zilizoandikwa pembeni, ambazo mtu aliyekaa safu ya nyuma hazioni. Mama Grafu akazirudisha zote mbili kwenye kipimo kimoja. Sasa ya kabla ikawa mlima, na ya baada ikalala chini, ikanyooka kabisa.

Mkuu wa maabara, mzee mpole asiyependa kelele, aliifurahia ile ya pili. Mkemia akakataa. Alisema hiyo nayo inadanganya kwa upande mwingine, kwa sababu mtu atadhani hamna kitu kabisa, na kitu kimo. Wakakaa watatu, wakabishana kwa adabu, mpaka wakakubaliana: waonyeshe grafu ya baada peke yake, ikuzwe, na juu yake uwekwe mstari mwekundu wa kiwango kinachoruhusiwa. Kilele kikiwa chini ya mstari, maji yanafaa. Hata mtoto ataelewa.

Babu hajui habari za mistari myekundu. Mama Grafu aliuchora mwenyewe, juu ya grafu, ndani ya slaidi. Alipima, akapima tena, akamwita mkemia naye apime. Kilele kilikuwa chini ya mstari, na kati yao pakabaki nafasi ya kidole kizima. Akapeleka.

"Kitu kimoja tu sikukifanya," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Sikuvifunga pamoja. Grafu kivyake, mstari kivyake. Kwenye kompyuta ya ofisi vilikaa vizuri, nikadhani vitaendelea kukaa hivyohivyo popote."

Kompyuta ya ukumbi ilikuwa na programu nyingine ya slaidi. Ikapokea maelekezo ya kuchora, ikachora kwa mkono wake, ikaivuta grafu juu kidogo ili ijae fremu. Mstari mwekundu, ambao hakuna aliyeuambia kitu, ukabaki pale ulipowekwa. Ukutani, mbele ya watu wa mtaa mzima, kilele kikapanda, kikauvuka mstari, kikasimama juu yake.

Mhandisi wa maji alikuwa ameupa ukuta mgongo. Alikuwa akisema kwamba, kama wananchi wanavyojionea wenyewe, kilele kiko chini ya kiwango. Mtu mmoja akacheka. Halafu ukumbi ukaanza kunong'ona, na minong'ono ikapanda.

Mama Grafu alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Anasema aliona kabla ya mhandisi. Akapita katikati ya viti, akamnong'oneza mhandisi kwamba mstari umekaa vibaya. Mhandisi, jasho likimtoka, akamwambia arekebishe haraka. Na yeye, kwa haraka hiyohiyo, akakishika kipanya akaurekebisha.

Angezima projekta kwanza. Amejiambia hivyo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Lakini hakuizima, na ukumbi wote ukashuhudia, ukutani, kwa ukubwa wa mlango wa nyumba, mkono wa ofisi ukiuvuta mstari mwekundu kwenda juu mpaka maji yakawa safi.

Hapo ndipo dada yake aliposimama. Hakupaza sauti. Waliokuwepo wanasema ingekuwa afadhali angepaza.

"Mdogo wangu," alisema, "unausogeza tunakuona."

Mama Grafu akajaribu kueleza habari za programu na fremu. Hakuna aliyesikiliza. Dada akamkata: "Hayo mambo yenu mimi siyajui. Niambie kitu kimoja. Wewe ungeyanywa?"

Alinyamaza. Si kwa muda mrefu, labda pumzi mbili. Leo, mbele ya Babu aliyeganda, anakieleza kimya kile taratibu, bila kujitetea sana.

"Nilitaka kusema ndiyo. Lakini kilele kilikuwepo. Ni kidogo, kinaruhusiwa, lakini si kwamba hamna kitu. Nikawa natafuta namna ya kusema vyote viwili. Kule kutafuta ndiko kukawa jibu."

Mkutano ukaishia hapo. Mnyororo ukabaki pampuni. Ofisini alipewa barua ya kujieleza, akajieleza, na mkuu wa maabara, kwa upole wake uleule, akamwambia kwamba mkutano wa pili ukiharibika kazi ya michoro atapewa mtu mwingine. Mama Grafu hakubisha. Kinachomnyima raha si kazi. Anasema kazi itapatikana nyingine, dada mwingine hapatikani.

Tangu hapo amekuwa mtu wa wasiwasi, na hafichi. Slaidi zikitoka kwake siku hizi, anazifungua kwenye kompyuta ya mkemia, kisha ya mapokezi, kisha anakwenda duka la kuchapisha la jirani na kuomba wamfungulie, halafu anaziangalia kwenye simu. Mwenye duka ameshamzoea, anamuuliza kama leo amekuja na mgonjwa yuleyule. Mumewe, ambaye ni fundi saa na mtu wa utani, analalamika kwamba alioa mke mmoja lakini sasa anaishi na mke na grafu, na grafu ndiyo inayoongea zaidi.

"Hata chai akimimina anaangalia imefika wapi kwenye kikombe," anasema mume. "Namwambia, mama, hiyo ni chai."

Babu anazinduka. Kishale kinacheza, dirisha linafunguka, na grafu ya chupa ya mwisho inajitokeza ikiwa imejaa skrini nzima, kilele chake kikubwa cha kutisha. Mama Grafu haushiki moyo wake, ameshazijua hila hizi. Anakwenda moja kwa moja kwenye namba za pembeni. Anazisoma kwa sauti. Anafungua grafu ya chupa ya mkutano wa kwanza, anazisoma na hizo. Kilele kimepungua.

Ukimuuliza kama hiyo si habari njema, anakubali kwa kichwa lakini hatabasamu.

"Hapa iko vizuri," anasema. "Mimi sina shida na hapa. Shida yangu ni ukumbini."

Safari hii hatapeleka slaidi. Amemwomba mkuu wa maabara ruhusa ya kuchapisha karatasi moja kubwa, ya ukubwa wa yale mabango yanayotundikwa kwenye milango ya maduka. Juu yake zitakaa grafu mbili, ubavu kwa ubavu, kipimo kimoja. Ya kwanza ni ya maji ambayo mkemia ameyatia petroli makusudi, kwa kiasi kilekile kinachoruhusiwa. Ya pili ni ya kisima. Mstari mwekundu hautakuwepo.

"Watauchora wao," anasema. "Wataweka rula juu ya kilele cha kiwango, waivute mpaka kwenye kilele cha kisima. Kikiwa chini, wamekiona. Kikiwa juu, wamekiona."

Mkuu wa maabara alisita. Aliuliza, je, wakichora vibaya? Mama Grafu alimjibu kwamba basi watakuwa wamechora vibaya mbele ya kila mtu, na kila mtu atawaambia. Mzee akaiangalia dari muda mrefu, akasaini.

Shughuli ya kuifikisha karatasi hiyo dukani inakula asubuhi yote. Babu kila akifunguliwa dirisha jipya anaivuta grafu upya, na mara mbili grafu ya kisima inatoka imenyanyuka. Mama Grafu anaifuta, anaweka tena kipimo, anahesabu miraba midogo ya nyuma ya grafu kwa ncha ya kalamu, anamwita mkemia ahesabu na yeye. Safari hii anaitoa kama picha, ambayo hakuna kompyuta itakayoichora upya, kubwa kiasi ambacho herufi hazitavimba. Anaondoka na mwiko wake barabarani, flashi ikining'inia. Watu wanamtazama, naye ameshazoea.

Dukani anasimama juu ya kichwa cha mwenye duka mpaka karatasi itoke. Inapotoka anaiweka sakafuni, anapiga magoti na kuhesabu miraba tena. Mwenye duka anamuuliza kama mgonjwa amepona. Anajibu kwamba bado hajatoka wodini.

Siku ya mkutano ukumbi umejaa kuliko mara ya kwanza. Habari ya mstari uliosogezwa imetembea, na wapo waliokuja kuona utasogezwa wapi leo. Karatasi imebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi, pembe zote nne. Projekta imefunikwa na kitambaa.

Dada mkubwa amekaa safu ya mbele, mikono yake myekundu ya sabuni imelala mapajani. Mama Grafu anakwenda mbele yake, anainama kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," anaitikia dada, akitazama pembeni. Ni salamu ya wajibu, na wote wawili wanajua.

Mhandisi anaeleza kwa maneno machache. Grafu hii ni ya kiasi kinachoruhusiwa, hii ni ya kisima chenu, anahitajika mtu wa kuchora mstari. Watu wanatazamana. Hakuna anayetaka kuwa yeye aliyeyapitisha maji, au aliyeyakataa.

Anayeinuka ni dada mkubwa. Rula ndefu haikupatikana, limeletwa fito la fundi seremala, na yeye analipokea kwanza. Analinyanyua mpaka jichoni, anafumba jicho la pili, analitazama kwa urefu wake kuona kama limepinda. Analigeuza, analitazama na upande wa pili. Ukumbi unasubiri. Mama Grafu anasogea kidogo, mkono tayari kumshikia upande mmoja.

"Yeye asiguse," anasema dada, bila kumwangalia.

Mama Grafu anarudi nyuma. Anakunja mikono yake na kuificha kwapani, na kwa muda wote uliobaki haitoi. Mwandishi wa habari hii, aliyekuwa amesimama karibu naye, alimsikia akihesabu miraba chini ya pumzi.

Upande wa pili wa fito unashikwa na mwenyekiti wa kamati ya pampu, na kalamu nyekundu inashikwa na mama muuza mkaa, ambaye anajulikana hajawahi kuamini mtu. Fito linawekwa juu kabisa ya kilele cha kiwango. Dada anarudi hatua mbili, anaangalia, anasema lishushwe unywele mmoja. Linashushwa. Kalamu inapita, taratibu, kutoka grafu ya kwanza kuingia ya pili, inafika juu ya kilele cha kisima na kuendelea. Kati ya kalamu na kilele panabaki nafasi ya vidole viwili.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wamesimama, walio nyuma wamepanda juu ya viti. Dada mkubwa amesogea karibu na karatasi mpaka pua yake inakaribia kuigusa. Anaweka kidole kwenye kilele cha kisima, kwenye kile kilima kidogo, na ndipo anapogeuka kumtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo kimo."

"Kimo, dada," anasema Mama Grafu. "Ni kidogo, kiko chini ya kinachoruhusiwa, lakini kimo. Siku ile nilipaswa kukwambia hivyo. Na kwenye simu pia."

Dada anaendelea kumtazama. Kisha anamgeukia mwenyekiti na kusema kwamba yeye hana neno, bora pampu ifunguliwe, ila kila mwezi karatasi kama hii itundikwe palepale pampuni, na fito libaki kwa mama muuza mkaa. Mabishano yanafuata, marefu, ya watu waliokaa muda mrefu bila maji. Wapo wanaosema watasubiri karatasi ya pili kabla ya kunywa, na watayatumia kufulia kwanza. Hakuna anayewalazimisha. Mchana mnyororo unafunguliwa.

Jua la alasiri linawakuta dada hao wawili uani. Beseni tatu zimejaa, maji yanamwagika ovyo kama ya watu waliosahau bei ya dumu. Mama Grafu amekunja mikono ya gauni lake la ofisini. Karibu na mlango ipo ndoo mpya yenye kifuniko, imetoka pampuni muda si mrefu, na juu yake kikombe.

Kabla hata hajakaa anakwenda kwenye ndoo. Anakichukua kikombe, anafunua. Dada yake anamwona.

"Usinywe kunionyesha," anamwambia. "Kunywa ukiwa na kiu."

Mama Grafu anafikiri, anakirudisha kikombe mahali pake. Anakuja kukaa kwenye kigoda, anavuta beseni.

Wanapofua anaeleza mipango yake. Anataka kila mwezi aje na karatasi mwenyewe, na akae pampuni asubuhi moja awaonyeshe akina mama namna ya kusoma namba za pembeni, ili siku mtu mwingine akiwaletea kichuguu kilichovimba wasishtuke, na akiwaletea mlima uliolazwa wasilale. Anataka pia ofisi iweke sheria kwamba mchoro wowote unaokwenda kwa wananchi utolewe ukiwa umefungwa pamoja na mstari wake. Barua ya ombi hilo ameshaichapa. Barua anazijua.

Na kilele kikipanda mwezi ujao? Swali hilo linamfanya asimamishe mikono ndani ya povu. Amelifikiria, ni wazi, pengine halijaacha kumzunguka tangu asubuhi.

"Kikipanda kitapanda kwenye karatasi ileile," anasema. "Nitakibandika hivyohivyo, kisha nitakuja hapa nikae. Sitajificha ofisini. Lakini naomba Mungu kishuke. Naomba siku moja nilete karatasi iliyolala kabisa, mpaka watu waniulize kama nimesahau kuchora."

Dada yake anaguna. Huenda ni kicheko. Wanashika shuka, mmoja huku na mmoja kule, wanalisokota mpaka maji yanakwisha, wanalitundika. Wanashika jingine. Jua ni kali, na mwanamke aliyezoea kiti na feni anaanza kuhema. Anapangusa uso kwa kiwiko. Mazungumzo yamehamia kwa watoto, kisha kwenye mgongo wa dada, ambao bado unauma.

Mama Grafu anainuka, anakwenda kwenye ndoo, anachota na kunywa. Anakunywa kikombe chote, akiwa amefumba macho kwa mwanga wa jua, na kuchota tena.

Dada yake hajageuka kutoka kwenye kamba ya nguo. Ana vibanio viwili mdomoni, na inabidi avitoe kwanza ndipo aongee.

"Niletee na mimi," anasema.